Chini ya Ukungu

6 Januari

Mpwa wangu,

Pokea salamu zetu. Natumaini u mzima na kwamba unakula, maana mara ya mwisho ulipotutembelea ulikuwa mwembamba kama mpini wa brashi. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi, likipata joto hunyamaza. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama bado una mikono ya kuandikia.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo nililoliona kwa kinyozi. Unamkumbuka, yule aliyerithi duka la baba yake mkabala na studio ya picha nilikokuwa nikichora mapazia ya kuweka nyuma ya wateja. Siku hizi ametundika televisheni kubwa ukutani, na wateja wakipungua yeye hucheza michezo ya video. Jumanne nilikuwa nimefunikwa shuka hadi shingoni, nusu ya kidevu imenyolewa, nikainua macho, nikauona mlima wangu.

Nikamwambia, "Huo mlima ni wangu."

Akasema, "Mzee wangu, tulia, nisije nikakutoa sikio."

Lakini ulikuwa wangu, ule wa pazia. Vilele vitatu, cha kushoto kimekatika ncha, anga la rangi ya chai iliyopoa. Nilimwomba ausogelee. Shujaa wake mwenye upanga alitembea hadi ukingo wa bonde, pale ukungu unapoanzia, akasimama. Hakwenda mbele. Kinyozi anasema hakuna mchezaji aliyewahi kushuka humo, na kwamba watu wasiojuana hata kwa sura wanagombana kuhusu kilichofichwa chini yake. Kisha akanitajia kampuni iliyoutengeneza mchezo, nami nikaitambua, kwa kuwa ndiyo iliyokuajiri.

Miaka minne umekuwa ukiniambia kwamba unachora mandhari. Hukuniambia ni mandhari ya nani. Sikukasirika, mtu mwenye nusu ya ndevu hana haki ya kukasirika. Nauliza tu: kwa nini hukuniambia?

Mjomba wako


21 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanawasha, na shingo imegoma kugeuka upande wa kulia.

Naomba radhi. Nilipouchora mlima ule sikujua kwamba nauchora wako. Niliambiwa nilete mahali pa kale, pa kusikitisha kidogo, na mkono ukaenda wenyewe. Nilipogundua, mchezo ulikuwa umeshatoka na watu wameshaupenda, nami nikaona haya. Kila mwaka uliopita haya ikaongezeka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule na kuja kukusubiri studio? Mpiga picha alinikalisha kwenye kigoda cha wateja, nami nikalitazama pazia lako mpaka umalize kazi. Sikuwa nikiutazama mlima. Niliutazama ukungu. Niliamini kwamba mna kitu humo, na kwamba ungeniambia nikikua.

Sasa nimekua na nauliza. Tunatengeneza sehemu ya pili ya mchezo, na wakuu wameamua kwamba safari hii mchezaji atashuka bondeni. Mimi ndiye niliyekabidhiwa sura ya mahali pote: rangi, mwanga, hewa yenyewe. Nimelichora bonde mara kumi na moja. Michoro mitano imekataliwa na mkuu wetu, sita nimeikataa mwenyewe. Tuko saba katika chumba kimoja, mapazia yamefungwa mchana ili jua lisiguse skrini, na chakula tunakula papo hapo mezani, makombo yakiingia kwenye kibodi. Kikundi kingine, cha ghorofa ya juu, kimekwisha kuandaa sampuli yake. Kila jiwe linang'aa, maporomoko ni ya dhahabu, na maua yana taa ndani. Watu wa mauzo wanaipenda. Nisipoleta bonde langu kabla ya mwisho wa Juni, kazi yote itahamia kwao, na mlima utakwenda nayo.

Niambie, Mjomba. Chini ya ukungu kulikuwa na nini?

Nisalimie mkaza mjomba. Mwambie mikono ninayo.

Mpwa wako


3 Februari

Mpwa wangu,

Barua imefika. Sote ni wazima. Shingo hiyo ikande kwa kitambaa cha maji ya moto, usiiache izoee.

Radhi nimekupa. Mlima si shamba. Mtu akiuchora hauondoki mahali pake.

Umeuliza swali la moja kwa moja, na mimi sina desturi ya kuzungukazunguka. Kwanza elewa kazi yenyewe. Pazia la studio halichorwi kama picha ya kutundika ukutani. Katikati huachwa hafifu, kwa kuwa hapo atasimama mtu, na mtu ndiye picha. Ukiipamba katikati, mteja ataonekana kama amevamia nyumba ya watu. Nguvu zote huwekwa juu na pembeni. Chini, nyuma ya miguu ya wateja, nilikusudia kuweka kijiji. Nilikuwa nimekwisha kukichora kwa chaki: nyumba tisa, njia, kisima.

Mwezi ule nilikuwa nimemaliza mapazia matatu na mabango mawili ya duka la dawa. Mpiga picha alilitaka pazia Jumamosi asubuhi, kwa sababu ya maharusi. Ijumaa alasiri mgongo ulikataa. Nilizitazama nyumba zile za chaki, nikaona kila nyumba ina madirisha, na kila dirisha lina fremu. Nikachukua tambara, nikalichovya katika tapentaini ya kuyeyushia rangi, nikaufuta upande wote wa chini kwa mikono miwili, kuanzia kushoto hadi kulia. Dakika kumi tu. Mpiga picha alipokuja akauliza, "Na kijiji?" Nikamjibu, "Kimo ndani ya ukungu." Akasema, "Sawa, alimradi ukauke."

Hapakuwa na kitu, mpwa wangu. Nilichoka. Kwa miaka ishirini na miwili watoto wote wa mtaa huu wamepigwa picha mbele ya uchovu wangu, na hakuna aliyelalamika.

Mjomba wako


17 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Wiki sita zimepita. Posta haijafungwa, nimekwenda kuuliza.

Nilimsimulia mkaza mjomba wako nilichokuandikia. Akaweka kikombe chini.

"Umemwambia hivyo hivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mtoto anakuuliza kitu alichokiamini tangu ana miaka saba, wewe unamjibu kwa tambara?"

Nikasema ukweli ni ukweli. Akasema, "Basi leo kula huo ukweli, mimi sipiki." Alipika, lakini sufuria zilisikika hadi nyumba ya tatu.

Andika hata mistari miwili.

Mjomba wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini afya yako ni njema. Yangu ni ya umri wangu.

Bado umenyamaza. Basi nitakueleza nilichokifanya, ujue kwamba sikukaa bure. Studio ilipofungwa nilipewa lile pazia. Lilikuwa juu ya kabati, limekunjwa na kufungwa kamba. Nimelishusha, nimelitundika kwenye ukuta wa ua, nikaanza kukichora kijiji. Nilijiambia kwamba ikiwa kazi yako imekwama mahali nilipoiachia mimi, ni juu yangu kuimalizia.

Nimefanya kazi wiki tano, saa mbili kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mkono unatetemeka. Mstari ulionyooka siku hizi naukumbuka tu, siwezi kuupiga. Juzi kinyozi alipita kutazama. Akasema, "Mzee, nisikufiche. Nilipokuwa mdogo nililiogopa pazia hili kidogo. Sasa naona nyumba tu."

Nilitaka kumfukuza kwa brashi, ila alikuwa amesema kweli. Nyumba ni tisa, madirisha yote yana fremu, na mlima umekuwa mdogo. Ukungu hauwezi kurudishwa. Rangi ikishakauka, ukiifuta unatoboa kitambaa. Nimeliharibu.

Natuma picha. Itazame kama mtu wa kazi, usiitazame kama mpwa.

Mjomba wako


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Najua sistahili kuitikiwa.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Miaka yote hiyo nimekuwa mlinzi wa tambara. Barua yako ya Februari niliwasomea wenzangu kikaoni, ili nicheke kabla hawajanicheka. Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mkuu wetu hakucheka. Alisema, "Kumbe hakuna siri ya kulinda. Basi jazeni." Tangu siku hiyo najaza. Nimechora magofu, mahekalu, mto wenye taa zinazoelea. Kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja kingeweza kuwa katika mchezo wa mtu yeyote. Ndiyo sababu sikuandika. Nilikuwa sina la kukuambia ambalo lisingekuwa lawama.

Picha yako nimeibandika pembeni ya skrini. Nimeitazama kama ulivyoagiza. Kinyozi amesema kweli. Nyumba ni nyumba tu. Lakini mwenzangu anayeketi kulia kwangu, yule anayechora majoka na ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu, alipita na kikombe chake, akasimama. Akaweka kidole kwenye mlango wa nyumba ya saba, pale alipo mwanamke aliyekaa kitini, viatu kavivua, mikono imelala mapajani.

"Nani huyu?"

"Sijui. Kachora mjomba wangu."

"Huyu anapumua," akasema, akaenda zake.

Ni nani, Mjomba?

Nauliza kwa sababu huenda nisifike mwisho wa Juni. Jana mkuu wetu aliniletea karatasi. Nikitia sahihi, bonde na mlima vinahamia ghorofa ya juu, nami napewa mapango ya kando kando ambayo wachezaji huyapita mbio. Alisema kwa upole, "Umechoka, wala si aibu." Kweli nimechoka. Nikifumba macho naona vidoti vya rangi. Juzi nilikaa nusu saa nikichagua kati ya kijivu na kijivu, na mwishoni sikujua nilianza na kipi. Nimepewa hadi siku ya kwanza ya Juni kuamua. Karatasi iko chini ya kikombe changu.

Mpwa wako


23 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kuitikiwa unastahili, kutoandika miezi mitatu hustahili, lakini hilo tutalizungumza ukija.

Mwanamke huyo ni mkaza mjomba wako. Wakati alipokuwa akifua mashuka ya hospitali, kila siku alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, akavuta kiti hadi mlangoni, akavua viatu, akakaa. Ilikuwa marufuku kumsemesha mpaka atakapoinuka mwenyewe. Siku moja nilijaribu kumuuliza chumvi iko wapi. Alinitazama. Nilikula bila chumvi. Nimemwona akikaa hivyo kwa miaka thelathini. Sikukusudia kumchora, nilikuwa nimemaliza mlango, brashi imebaki na rangi kidogo, mkono ukamweka hapo. Nilipomwonyesha, alisema miguu yake haijawahi kuwa minene hivyo, akarudi ndani.

Kuhusu karatasi, sitakuamulia. Wewe ni mtu mzima. Nina neno moja tu. Pazia langu nimeliharibu, na huniuma kila ninapopita uani. Lakini nimeliharibu kwa mkono wangu, nikijua kila nyumba niliyoiweka na sababu yake. Kama angekuja fundi mwingine akalichora upya nami nimekaa kitini, nisingeweza hata kulitazama. Bonde lako litajazwa, utake usitake. Lijaze wewe. Na usichore usichokijua. Mahekalu umeyaona wapi? Huo mto wenye taa umeuvuka lini?

Kisha ulale. Mkuu wako amesema kweli kwamba si aibu, ila kuna tofauti kati ya kuambiwa ukalale na kuambiwa uondoke.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkaza mjomba. Nimelala siku mbili mfululizo, leo ni ya tatu na nimekaa tu. Shingo inageuka.

Karatasi niliirudisha bila sahihi, ina duara la chai.

Nilifuta mahekalu yote. Nilianza upya nikiwa na wiki nne, nikachora ile saa kumi na moja jioni ya mkaza mjomba. Mchezaji anaingia kwenye ukungu akiwa ameuchomoa upanga, muziki unakatika, anatarajia joka. Anatokea kwenye mtaa. Jua liko chini, rangi zimefifia kana kwamba zimefuliwa mara nyingi, na watu wamekaa milangoni. Mmoja amevua viatu. Mmoja ameegemeza paji la uso ukutani. Mmoja ameshika ndoo na amesahau alitaka kuifanyia nini. Hakuna anayemsalimu shujaa, hakuna anayempa kazi, hakuna anayemshambulia. Wanamtazama anavyopita, wengine hata hawamtazami. Yule wa majoka alinisaidia kuchora magoti. Alisema katika maisha yake hajachora kiumbe kigumu kama mtu aliyekaa.

Tarehe ishirini na nane wakuu walikuja kutazama. Mtu wa mauzo ndiye aliyeanza.

"Mchezaji anafanya nini hapa?"

"Anapita."

"Maadui wako wapi?"

"Hawapo."

"Sasa hawa watu wote wanangoja nini?"

"Hawangoji. Wametoka kazini."

Mkuu wetu akaomba apitishwe tena tangu mwanzo, akapitishwa. Kisha akasema, "Muda wa kubadilisha haupo. Iende hivi hivi." Sijui kama amelipenda. Alikuwa na macho mekundu kama yangu, na alipotoka alisahau koti lake kitini.

Wameongeza maporomoko mawili ya dhahabu upande wa magharibi, kwa ajili ya picha za matangazo. Sikugomba. Mlima umebaki kwetu.

Nimepewa likizo ya wiki mbili. Sitakuja, Mjomba, usikasirike. Sina nguvu ya kufunga hata begi. Nitakaa hapa hapa dirishani.

Mpwa wako


11 Desemba

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako ana mafua na hataki kuambiwa kwamba ana mafua.

Mchezo umetoka, kama unavyojua kuliko mimi. Kinyozi alichukua siku nne kufika bondeni, kwa sababu kuna daraja fulani lililomuua mara tisa. Alipofika aliniita. Alikuwa hana mteja. Alinivutia kiti cha kunyolea, akakaa kwenye benchi, akaniambia, "Mzee, kaa tayari, hapa lazima pana mnyama."

Alishuka upanga ukiwa mbele. Hapakuwa na mnyama. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, akachungulia nyuma ya kisima, akarudi. Sikuona ni wakati gani, lakini baadaye niligundua kwamba upanga ameurudisha kiunoni, na hakuna aliyemwambia. Akasema, "Mbona hawa wanafanana na watu wa mtaa huu?" Nikamwambia atazame vizuri. Akamtazama yule wa ndoo kwa muda mrefu sana. "Huyu ni marehemu baba," akasema. Si baba yake, umbo lake ni jingine kabisa, lakini sikumsahihisha.

Nina makosa mawili ya kukueleza. Kivuli cha nyumba ya pili kinakwenda kinyume cha jua. Na maporomoko ya dhahabu yana kelele. Nilimwomba kinyozi apunguze sauti. Mengine yote ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Nimekuwa katika kazi hii miaka arobaini, na sijasema maneno hayo kwa mwanafunzi wangu yeyote.

Kinyozi alitaka kuendelea mbele. Nikamwambia, "Ngoja. Mkalishe huyo shujaa wako kidogo, naye katoka mbali." Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, shujaa akaruka, akainama, akachomoa upanga, akaurudisha.

"Mzee," akasema, "huyu anapanda, anaogelea, anapigana na joka. Kitufe cha kukaa hakuna."

Basi tukamwacha amesimama katikati ya njia, kati ya wale waliokaa, nasi tukakaa kwa niaba yake, mpaka mteja akaingia akitaka kunyolewa.

Mjomba wako